Kupe Hawakuzoea Dawa: Kisa cha Shamba Moja katika Ukanda wa Ng'ombe, Uganda

Usuli

Shamba lenyewe liko katika ukanda wa ng'ombe, kaskazini mwa Kampala. Jina la mwenyewe, la wilaya, la duka la dawa na la maabara nimeyaondoa, na idadi ya mifugo nimeibadilisha kidogo. Mimi ni daktari wa mifugo. Mwenye shamba ni mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu humwita Afande, hata mkewe mbele ya wageni. Lugha ya pale ni Kiswahili: Afande alitoka nacho jeshini, na wachunga wake watatu wametoka pande tatu za nchi ambazo hazielewani kwa lugha nyingine yoyote.

Ng'ombe walikuwa 60 hivi. Nusu ni wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, na nusu chotara wa Friziani. Chotara wanajaza ndoo, lakini wakipata ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua, hawachukui siku nyingi. Kwa hofu hiyo Afande alinyunyizia kundi zima dawa ya kupe kila wiki kwa miaka sita, bila kukosa. Dawa ilikuwa mchanganyiko wa pairethroidi na oganofosfeti, jamii mbili za viuawadudu, inayopatikana katika kila mji mdogo wa barabarani.

Shambani kulikuwa na kupe wa aina mbili wanaotuhusu. Wa kahawia, anayependa masikio, ndiye analeta ndigana kali. Wa buluu analeta ndigana baridi na ule ugonjwa wa kukojoa mkojo mwekundu. Huyu wa buluu ana tabia moja inayobeba kisa chote. Kupe wa kahawia hupanda mnyama mpya mara tatu katika maisha yake, na kati ya mara hizo hukaa majanini. Wa buluu hupanda ng'ombe mmoja akiwa kitoto, akakulia pale pale, akashiba damu pale pale, wiki tatu hivi, ndipo jike hudondoka na kutaga mayai 2,000 na zaidi. Kwa anayenyunyizia kila wiki, maana yake ni kwamba hakuna kupe wa buluu anayefika kutaga bila kupitia dawa mara mbili au tatu.

Mambo yalivyofuatana

Dalili ya kwanza aliiona mchunga, si Afande wala mimi. Alisema zamani kupe walikuwa wanadondoka jioni ya siku ya kunyunyizia, siku hizi wanadondoka kesho yake, na wengine hawadondoki. Jambo hilo halikuandikwa popote. Miezi minne baadaye ndama wawili wakafa kwa ndigana kali, halafu mtamba chotara mwenye mimba akaanza kukojoa mkojo mwekundu. Hapo ndipo nikaitwa.

Nakumbuka mchunga akiinua mkia wa ng'ombe aliyenyunyiziwa jana yake asubuhi. Chini ya mkia na kwenye kiwele kupe wa buluu walikuwa wamejipanga kama mbegu za mbarika, wamevimba, wanang'aa. Niling'oa mmoja nikamweka kiganjani. Alichezesha miguu yote minane. Dawa ilikuwa bado inanuka kwenye manyoya.

“Daktari, hawa wamezoea dawa,” mchunga akasema.

“Hawajazoea kitu,” Afande akamjibu. “Ile dawa ni feki. Yule wa duka amenila.”

Katika taarifa yangu ya siku ile niliandika maneno ya mchunga: kupe wamezoea dawa. Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo tunavyosema sote. Neno hilo lilitugharimu miezi mitatu.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Afande: kuongeza dozi mara mbili. Ukiamini kwamba kupe amezoea, kama mtu anavyozoea pilipili au pombe kali, basi hilo ndilo jibu linalofuata. Kwa majuma mawili kupe walipungua, kisha wakarudi. Mchunga mmoja alipata malengelenge mikononi na ng'ombe wawili walidondokwa na mate siku nzima. Kulikuwa na maziwa pia, ambayo yaliendelea kwenda kwa mnunuzi mpaka nilipoomba yasimamishwe.

Wa pili ulikuwa wangu, na haukuwa bora. Nilishauri wabadilishe dawa, wakabadilisha chupa. Afande alinunua ya jina jingine na rangi nyingine, kutoka duka jingine. Ilipogoma, akanunua ya tatu. Sikusoma maandishi madogo mpaka siku nilipozikuta chupa tatu tupu zimepangwa ukutani mwa stoo. Nilizigeuza moja moja. Mbili zilikuwa na pairethroidi na oganofosfeti, ya tatu pairethroidi peke yake. Tulikuwa tumebadilisha karatasi ya nje, kiini kikabaki kile kile.

Pairethroidi hushika vijilango vilivyo kwenye mishipa ya fahamu ya kupe, vile vinavyopitisha sodiamu, na kuvizuia visifunge. Kupe anatetemeka, anapooza, anakufa. Sasa akitokea kupe ambaye jeni ya kijilango hicho ina herufi moja tofauti, dawa inakosa pa kushika. Hapo chupa ya kijani na chupa ya njano ni kitu kimoja.

Uamuzi wa tatu ndio uliotuokoa. Niliomba tusinyunyizie chochote kipya mpaka tujue tunapigana na nini. Afande hakupenda. Alisema jeshini mtu hakai kimya huku anapigwa. Tulikubaliana kwamba chotara watang'olewa kupe kwa mkono kila asubuhi, nami nipeleke sampuli maabara.

Jaribio la wiki 6

Tulikusanya kupe wa buluu majike walioshiba kutoka kwa ng'ombe wa Afande. Nilikusanya wengine kutoka kundi la mzee mmoja, mbali kidogo, ambaye hajawahi kununua dawa ya aina ile. Kila kundi liliwekwa katika chupa ndogo za kioo zenye mfuniko wa kitambaa. Majike wakataga, mayai yakakaa mahali pa joto na unyevu, yakaangua. Vitoto vya kupe ni vidogo kama vumbi la tumbaku na vina miguu sita tu. Vilipofikisha umri unaotakiwa vilifungiwa, 100 kwa kila pakiti, ndani ya karatasi iliyolowekwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Baada ya saa 24 pakiti zikafunguliwa.

Katika pakiti ya vitoto vya kwa mzee, 3 vilikuwa vinatembea. Katika ile ya kwa Afande, 86.

Afande aliposikia alinyamaza, kisha akauliza kama dawa iliyotumika maabara ilitoka duka lile lile. La, ilikuwa ya maabara, iliyopimwa kiini chake. Suala la dawa feki likaisha hapo, na yule wa duka alistahili kuombwa radhi. Afande aliiomba.

Kwangu mimi uzito ulikuwa mahali pengine. Vitoto vile 86 vilianguliwa ndani ya kioo. Havikuwahi kupanda ng'ombe wala kuguswa na tone la dawa kabla ya siku ile. Vingezoea lini?

Mazungumzo zizini

Nilirudi kueleza matokeo siku ya kuwatenga madume, na hilo lilinisaidia. Afande alikuwa anachagua dume moja la kubaki kati ya manne. Nilimwuliza pembe nzuri za dume lile amezipata kwa kuchaguliwa? Akacheka. “Daktari, amezaliwa nazo. Mimi nachagua tu aliyezaliwa nazo, ndama wake watazifuata.”

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa kwa kupe wake. Miongoni mwa maelfu walikuwako wachache waliozaliwa na kijilango tofauti, kabla hajanunua chupa ya kwanza, kama ndama wanavyozaliwa wa rangi na pembe mbalimbali bila kuagizwa. Dawa ikawaua wenzao. Majani yote, damu yote na nafasi zote za kutaga zikabaki kwa wale wachache. Kupe wa buluu hupata vizazi kadhaa kwa mwaka. Zidisha kwa miaka sita, na kwa mayai 2,000 ya kila jike. Dawa ilifanya kazi ya mwenye ng'ombe anayechagua dume, tofauti ni kwamba yenyewe haikuwa na nia. Charles Darwin naye, mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe hubadilika kizazi kwa kizazi, katika kitabu alichochapisha mwaka 1859, alianza na wafugaji na njiwa wao kabla ya kugusa viumbe vya porini, kwa sababu alijua msomaji wake anaelewa kuchagua mbegu.

Mtoto wa Afande, aliye sekondari, alikuwa amekaa juu ya ua. Akauliza, “Kwa hiyo, Daktari, hii ndiyo ile mambo ya Darwin? Si tuliambiwa ni habari za mamilioni ya miaka, na hakuna aliyeona?”

Nilimwambia tumeiona, kwa baba yake, ndani ya miaka sita.

“Lakini kupe ni kupe bado.”

Swali hilo ni la haki na nitalirudia chini. Siku ile nilimjibu kwa haraka kuliko lilivyostahili, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Matokeo

Tulihamia amitrazi, dawa ya kupe ya jamii nyingine, ambayo hushika mahali pengine kabisa katika mwili wa kupe, baada ya maabara kuthibitisha kwamba vitoto vya shamba lile vinakufa nayo. Dozi ikawa ile ya chupa: mililita 2 kwa lita moja ya maji, mililita 40 kwa pampu ya lita 20, na kipimo kikafungwa kamba kwenye pampu kisipotee. Afande alijenga njia nyembamba ya mbao ili kila ng'ombe alowe mwili mzima, ndani ya masikio, kwapani na chini ya mkia. Ng'ombe wa Ankole, ambao wanastahimili zaidi, hawakunyunyiziwa tena kila wiki, isipokuwa aliyezidiwa na kupe.

Jambo hili la mwisho lilileta ubishi mkubwa. Kuacha kupe wakiwa hai kwa makusudi! Lakini kupe asiyekutana na dawa hana faida yoyote kwa kuwa sugu, kwa hiyo huzaa watoto wanaokufa kwa dawa, na watoto hao wakichanganyika na wa wale sugu wanapunguza usugu katika kundi zima.

Ndani ya wiki 5 chotara walikuwa safi. Mwaka uliofuata hakuna ndama aliyekufa kwa ndigana kali. Mtamba wa mkojo mwekundu alipona, ila alitoa mimba. Mwezi wa 14 mchunga yule yule wa mwanzo alikuja na daftari: ng'ombe watatu wa upande wa mto walikuwa na kupe siku mbili baada ya kunyunyiziwa amitrazi.

Uchambuzi

Kilichotukwamisha zaidi ni lile neno, kuzoea. Linasema kupe mmoja alibadilika kwa kukutana na dawa. Ukilifuata unaongeza dozi, au unapumzika kidogo ili asahau, na kote huko unakosea kwa sababu hakuna kupe aliyejifunza kitu. Kilichobadilika ni hesabu ya kundi: aina moja ilipungua na nyingine ikaongezeka. Kiswahili kina neno zuri, usugu, na kitabuni tunasema uteuzi asilia, lakini zizini bado tunasema wamezoea. Mimi nimeacha kulitumia katika taarifa zangu.

Msomaji makini anaweza kubisha: huenda wazazi ndio waliozoea, wakawarithisha watoto ndani ya kile kioo. Jaribio letu peke yake halikati shauri hilo. Lilikatwa mwaka 1952 na wanabayolojia Joshua na Esther Lederberg, Marekani, kwa kitambaa cha mahameli. Waliotesha bakteria kwenye sahani, wakabonyeza mahameli juu yake kama muhuri, kisha wakaibonyeza mahameli ile kwenye sahani nyingine zenye dawa. Bakteria sugu walijitokeza sehemu zile zile katika kila sahani. Waliporudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kuguswa na dawa, na kuchota sehemu zile zile, wakawakuta sugu wako pale tangu awali. Tofauti ilitangulia, dawa ikaja kuchagua. Sijui jaribio jingine la kibayolojia lililo rahisi hivyo na lenye kujibu swali zito hivyo.

Kwa nini basi tulifika pabaya? Nadhani miaka ya mwanzo ya pampu dhaifu ilichangia kama ile dozi mara mbili ilivyochangia baadaye. Wachunga walikuwa wanalowesha mgongo tu ili dawa itoshe. Kupe aliyerithi jeni ya usugu kutoka kwa mzazi mmoja mara nyingi huhimili dawa kidogo tu. Ukimpa dawa pungufu anapona, anakutana na mwenzake aliyepona, na sehemu ya watoto wao wanarithi pande zote mbili. Hao ndio wasiojali hata dozi mara mbili. Na shamba la Afande haliko peke yake: utafiti wa kupe wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta usugu kwa dawa za jamii zaidi ya moja. Mbali na hapa, kupe waliishinda aseniki huko Australia na Afrika Kusini tangu miaka ya 1930.

Wanaosema hili ni jambo la kupe peke yake naomba watazame malaria, ambayo kila nyumba ya Uganda inaijua. Kule Gulu, kati ya mwaka 2017 na 2019, wagonjwa 240 walitibiwa kwa atesuneti, dawa ya malaria, ya mshipa huku vimelea vyao vikihesabiwa. Kwa wagonjwa 14 vimelea vilichelewa kuisha, na vimelea vya 13 kati yao vilikuwa na badiliko moja au jingine la jeni moja. Kaskazini mwa nchi, vimelea vyenye mabadiliko hayo vilikuwa asilimia 3.9 mwaka 2015. Mwaka 2019 vikawa asilimia 19.8. Havikuletwa kutoka Asia, vinasaba vyake vilionyesha vimezuka huku huku Afrika. Ni hesabu ya kundi ikigeuka mbele ya macho yetu, kama kwenye pakiti za karatasi.

Upande wa pili wa hesabu uko Malawi. Nchi ile iliacha kutibu malaria kwa klorokwini mwaka 1993. Mwaka 1992 alama ya usugu ilikuwa katika asilimia 85 ya vimelea. Mwaka 2000 ilikuwa asilimia 13. Baadaye watoto 80 walitibiwa kwa klorokwini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, na 79 wakapona. Usugu una gharama: dawa ikiondoka, aliyeubeba anashindwa na asiyeubeba. Ndiyo maana niliwaacha ng'ombe wa Ankole na kupe wao, ingawa sitoi ahadi kwamba kila usugu hurudi nyuma haraka kama ule wa klorokwini.

Sasa swali la kijana. Ni kweli, kupe wa Afande ni kupe bado, na kisa hiki hakithibitishi kwamba viumbe vyote vina ukoo mmoja. Kinathibitisha chombo: tofauti za kuzaliwa, urithi, na mazingira yanayochagua. Chombo hicho kikiachwa kwa muda mrefu zaidi kinafika wapi, ushahidi wake uko katika ziwa letu. Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa. Tangu hapo zimezuka humo aina kama 500 za samaki wale wadogo tunaowaita nkejje, ambao Mwanza huitwa furu: wenye meno ya kukwangua mwani, wenye taya za kuvunja konokono, wanaokula samaki wenzao. Vinasaba vyao vinaonyesha ni ndugu wa karibu sana. Nilipaswa kumweleza haya siku ile, mvua au si mvua. Nilimpelekea maelezo baadaye, naye akaniuliza mambo mengine kumi.

Yaliyofaa ni matatu, na hayana uzito sawa. Kusubiri matokeo ya maabara ndiko kulikuwa kukubwa. Kusoma kiini cha dawa badala ya jina lake kungeokoa miezi mitatu kama ningekufanya mapema, na kosa hilo ni langu. Mfano wa dume ulimsaidia Afande kukubali kuacha kupe hai, jambo ambalo takwimu zangu zilishindwa.

Lililoshindikana ni jirani. Ng'ombe wake hunywa upande ule ule wa mto, na yeye amekuwa akitumia amitrazi kwa miaka mingi, kwa pampu ya mkono, nusu dozi. Kupe hawajui mpaka wa shamba. Tulipanga dawa ya shamba moja wakati kundi la kupe ni la bonde zima. Afande amekwenda kwake mara mbili kuzungumza. Majike walioshiba kutoka kwa wale ng'ombe watatu wako maabara, pamoja na wengine 20 ambao jirani mwenyewe aliwang'oa akawaleta kwa kikopo cha majani ya chai. Mayai yameanza kuangua.